Naomba Iongezwe Wijeti Nyingine

Nchi hii inajua kushukuru. Tunamshukuru mgeni rasmi kwa kufika, tunamshukuru kwa kuondoka, na katikati tunaishukuru kamati ya chakula. Lakini sijasikia mtu akisimama, mkutanoni wala msibani, akawashukuru wale wanaokaa na kuamua ni wijeti ipi mpya iingie kwenye kasha la vidude vya skrini ya kompyuta. Mimi ninakula kwa jasho lao, hapa Mabwerebwere wilayani Kilosa, na nimeona nisife na deni.

Kwa asiyewajua: anayetengeneza programu ya kompyuta hachongi kila kitufe kwa mkono wake. Yapo makasha yaliyokwisha kutengenezwa, ndani yake mna vitufe, menyu, visanduku vya kutia tiki, orodha zinazoshuka, na ule ukanda wa pembeni wa kupandishia na kushushia ukurasa. Tk ni mojawapo, Qt ni jingine, GTK jingine, na Java ina yake, tena zaidi ya moja. Mtengenezaji anachukua kidude kimoja, ndicho kiitwacho wijeti, anakipachika, anaendelea na mengine. Ndiyo sababu fomu iliyoundwa Dar es Salaam na iliyoundwa Helsinki zinamhudumia mkulima wa Kilosa kwa namna ileile.

Mimi nina steshenari. Natoa kopi, nalamineti vyeti, na zaidi ya yote nawajazia watu fomu za kwenye kompyuta. Zamani nilikuwa natoza kwa fomu. Wijeti zilipoanza kuboreshwa nikahamia kutoza kwa muda, na tangu hapo watoto wanasoma vizuri.

Nisiwafiche, si wote katika kazi ile ni wakarimu. Wapo wabishi. Mtu analeta ombi la wijeti mpya, mbishi anauliza ni nani atakayeitunza miaka kumi ijayo. Anauliza kama asiyeona, anayesomewa skrini kwa sauti, ataweza kuitumia. Anauliza itakuwaje kwa anayetumia kibodi peke yake, itageukaje Kiarabu kikiandikwa kutoka kulia, na itaonekanaje kwenye Windows, Mac na Linux. Mwisho anatupa lile neno la kuua ombi: hicho kidude unaweza kukiunda mwenyewe kwa viwili vilivyopo. Mbishi anajua kwamba wijeti ikishaingia haitoki kirahisi, maana programu za watu zimeshaiegemea, na ukiichomoa zinaanguka. Ni ujuzi wa kusikitisha sana kuwa nao, unamnyima mtu furaha ya kuongeza vitu.

Kwa wabishi wa aina hiyo, Tk, aliyoianzisha John Ousterhout kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilitoka mwaka 1991 ikaishi zaidi ya miaka kumi na tano bila kisanduku cha kuandikia chenye orodha ya kushuka miongoni mwa wijeti zake za asili. Kiliingia Desemba 2007, na toleo la 8.5. Kule ombi huandikwa, hupewa namba, hujadiliwa, kisha wakuu wa kasha hupiga kura. Kura, kwa ajili ya orodha ya kushuka! Sisi huku diwani tunampata kwa haraka zaidi. Java nayo ilitoka Januari 1996 bila hata jedwali. Mwaka 1998 likaja kasha lake la Swing: jedwali limo, mti wa matawi umo, kalenda ya kuchagulia tarehe haimo. Kalenda ililetwa Machi 2014, na Java 8, ndani ya kasha la JavaFX. Miaka kumi na minane, mtengenezaji ambaye hakuwa na kalenda ya kununua au ya kujiundia aliwaacha watu wazima waandike tarehe zao kwa vidole vyao wenyewe, na hakuna aliyewaomba radhi.

Wakarimu ninaowapenda ni wa GTK. Kasha hilo lilizaliwa na wanafunzi wawili wa Berkeley hiyohiyo, Spencer Kimball na Peter Mattis, walipokuwa wakitengeneza GIMP, programu ya kuchezea picha. Likakua, likawa la kila mtu: la mhasibu, la tabibu, la karani wa ghala. Na kila mtu akarithi humo wijeti ya kupinda mstari wa gama, chombo cha kurekebishia mwanga wa picha. Karani anayepima mpunga angeihitaji wakati wowote, angeikuta. Mwaka 2010, na toleo la 2.20, ikatangazwa kuwa imestaafu, na toleo lilelile likaleta kiduara kinachozunguka kumwambia mtu asubiri. Nawaheshimu watu wasiotoa kitu bila kuweka kingine mahali pake. Qt, iliyoanzia kwa Wanorwe, hadi leo ina kirungu cha duara cha kuzungusha kwa kipanya, aina ile ya kupandishia sauti ya redio, na ina wijeti maalumu ya kuonyesha namba kwa vijiti, mtindo wa saa za mkononi za miaka ya themanini. Sijakutana na fomu iliyonitaka nizungushe kirungu ili kuweka idadi ya watoto, lakini umri bado ninao.

Hata hivyo nikiambiwa nichague wijeti moja ya kufa nayo, nitachagua kalenda.

Kabla yake palikuwa na kisanduku kitupu. Mtu anasema 1954, unagonga moja, tisa, tano, nne, umemaliza, aje mwingine. Hapo heshima iko wapi? Mzee ametoka nyumbani alfajiri, amepanda bodaboda, amevaa koti lake la sherehe, halafu wewe unamwondoa kwa vibonyezo vinne! Kisanduku kitupu hakimjui mtu. Kinapokea chochote, hakina rangi, hakina mishale, na ni cha kale kiasi kwamba hakuna kikao kinachoweza kujisifu kwa kukiongeza.

Kalenda haina utovu huo wa adabu. Inafunguka penye leo. Kando yake kuna mshale mdogo wa kurudi nyuma mwezi mmoja. Mzee aliyetimiza miaka sabini yuko mibonyezo 840 kutoka hapo. Ukibonyeza mara moja kila sekunde bila kupumzika ni dakika kumi na nne. Lakini hakuna anayebonyeza bila kupumzika, na sijaona mzee anayepita katika maisha yake mwenyewe akiwa kimya.

Nichukue mfano wa babu mmoja aliyekuja na mjukuu wake kujaza fomu ya ofisi ambayo sitaitaja.

"Shikamoo babu. Umezaliwa lini?"

"Marahaba mjukuu wangu. Mwaka wa TANU."

"Mwezi?"

"Saba Saba yenyewe. Mama yangu alikuwa haijui TANU, lakini mwalimu aliyeniandikisha shule alikuwa anaijua."

Basi tukaanza safari. Machi 2021, mwezi wa msiba wa rais, tulipunguza mwendo, watu wawili kwenye benchi wakasema yao. Oktoba 1999 benchi zima lilikaa kimya kwa ajili ya Mwalimu Nyerere. Tulipofika Aprili 1984 babu alinishika mkono wa kipanya. "Hapo ngoja kwanza." Waziri Mkuu Sokoine alifia Dakawa, mkoa wetu huuhuu, njia ya Dodoma, tarehe 12, na babu alikuwa na mambo yake kuhusu siku hiyo: alikuwa shambani akifanya nini, redio ilikuwa ya nani, nani alikuja mbio kuwaambia na nani alikataa kuamini. Hayo yote yalihitaji muda, na muda, kama nilivyosema, ndio ninaotoza. Mwaka 1979 tulikwenda taratibu kwa sababu kuna mjomba alikwenda Kagera. Mwaka 1974 babu aligeuka mlangoni akaonyesha kwa kidole upande palipokuwa na nyumba yao kabla ya Operesheni Vijiji. Mwaka 1964 pori la Mikumi lilifanywa hifadhi ya taifa, na babu akakumbusha kwamba tembo walipewa ardhi yote ile bila kujaza fomu hata moja. Desemba 1961 tuliipita kinyumenyume, tukajikuta ghafla chini ya Mwingereza. Hapo niliongeza kasi kidogo, na naona kila mtu kwenye benchi alinielewa.

Julai 1954. Tarehe saba. Kalenda ikatuambia ilikuwa Jumatano. Babu hakuwahi kulijua hilo maisha yake yote. Alirudia mara kadhaa, "Kumbe Jumatano," akamtazama mjukuu wake kana kwamba mambo mengi sasa yameeleweka. Niambieni, ni kisanduku gani kitupu kingempa zawadi hiyo?

Kijana mmoja aliyesomea kompyuta Morogoro mjini aliniambia kwamba baadhi ya kalenda za namna hii zina njia ya mkato: ukibonyeza jina la mwezi pale juu, miaka yote inajipanga mbele yako, unachagua 1954 mara moja. Haina alama yoyote ya kuionyesha. Nilistaajabu kwa hekima ya waliobuni: wameweka mlango, kisha wakaupaka rangi ya ukuta. Kijana nilimpa soda, nikamwomba mambo ya aina hiyo asiyaseme kwa sauti mbele ya wateja.

Baada ya kuzaliwa, mtu sharti awe anakaa mahali. Hapo ndipo orodha ya kushuka inapoingia. Unachagua mkoa, orodha ya wilaya inaamka. Unachagua wilaya, orodha ya kata inaamka. Ukibadili mkoa kwa bahati mbaya, zote zinalala tena na kusahau ulichosema, jambo linalofundisha uvumilivu. Kilosa ina neema ya kata zinazoanza na M: Mabula, Mabwerebwere, Madoto, Magole, Magomeni, Magubike, Maguha, na bado hujafika Masanze wala Mikumi. Ukibonyeza herufi M kwenye kibodi inakupeleka kwenye M ya kwanza. Bonyeza tena, ya pili. Sisi wa Mabwerebwere tuko mwanzoni mwanzoni, tunawaonea huruma wa Msowero. Wa kata ya Ulaya wanashuka hadi karibu na Zombo, chini kabisa, na wengi wao ndio watu pekee ninaowajua waliozaliwa Ulaya bila viza.

Lakini uzuri kamili wa orodha hii uko kwenye gurudumu la kipanya. Katika Qt, kwa mfano, orodha ikiwa imejifunga na kishale kikiwa juu yake, ukizungusha gurudumu chaguo linabadilika, bila orodha kufunguka na bila kuuliza. Ni huduma kwa mtu mwenye haraka. Huyu mwenye haraka ninamwonea wivu. Mimi gurudumu nalitumia kushushia ukurasa ili nifikie kitufe cha kutuma, ambacho huwa chini, na njiani kishale lazima kipite juu ya kata. Fomu ya babu, ambayo kasha lake nalisitiri, ilikuwa na ukarimu huohuo. Tulituma. Karatasi ilipotoka, babu alikuwa amezaliwa Jumatano ileile na anaishi Madoto.

"Madoto kuna nini?" aliuliza.

Nikamweleza kwamba ni mali ya wijeti, si mali yake wala yangu. Aliikunja ile karatasi vizuri akaitia mfukoni mwa koti.

Kuhusu saa nitasema kidogo tu. Wijeti ya saa inaanza usiku wa manane, na mtu wa huku anaanza na jua. Babu anasema saa mbili, wijeti inayo 2:00, wanakubaliana papo hapo bila hata mmoja kumwelewa mwenzake. Ni maelewano ya haraka kuliko yote niliyoyaona dukani kwangu, na matokeo yake ni mtu aliyepangiwa miadi saa nane za usiku. Wabishi wangesema saa iandikwe tu kwa maneno, asubuhi au usiku. Wabishi hawana watoto shuleni.

Hayo yote yamenipa moyo nami nipeleke ombi langu. Kama kasha la watu linaweza kuwa na kirungu cha redio na mstari wa gama, haliwezi kukosa nafasi ya kitu kinachotumika kweli katika wilaya nzima. Naiita wijeti ya Mwaka Ule. Wazee wa huku hawana tarehe, wana mwaka ule: mwaka wa TANU, mwaka wa Uhuru, mwaka wa Azimio, mwaka wa kuhamia vijijini, mwaka wa Kagera, mwaka aliokufa Sokoine. Vijana nao wana wao: msimu wa mvua wa 2009 kuingia 2010, mafuriko yalipoing'oa reli hapa Kilosa. Mtu anachagua tukio, anaongeza "kabla" au "baada", na kama anakumbuka anaongeza kama ilikuwa wakati wa kupanda au wa kuvuna. Kompyuta inapata mwaka wake, mzee anabaki na wa kwake.

Najua maswali yatakayokuja, nimejiandaa. Nani ataitunza? Wajukuu, ndio wanaotunza kila kitu kingine. Asiyeona ataitumiaje? Wijeti hii kwa asili ni ya kusikiliza, anayeona ndiye atakayepata tabu. Itafanya kazi nje ya Kilosa? Kila wilaya itajaza matukio yake, na hapo kikao cha kuamua tukio gani liingie kwenye orodha kitakuwa kirefu kuliko kikao chochote walichowahi kukaa wa GTK, wa Qt na wa Java kwa pamoja. Ugogo na Usagara watakubaliana ni njaa ipi iliyokuwa kubwa? Nawatakia heri. Na mbishi wa mwisho atasema, kama desturi yake, kwamba kidude hiki unaweza kukiunda kwa viwili vilivyopo: orodha ya matukio na kisanduku kitupu pembeni kwa anayejua mwaka wake. Ni kweli tupu. Ndiyo maana ninaharakisha kuomba kabla hajafika.

Niliposoma tena ombi langu niligundua hatari moja: mzee angechagua "mwaka wa TANU" kwa kubonyeza mara moja tu, akaondoka. Kwa hiyo nimeongeza sharti. Wijeti ifunguke kwenye tukio la juzijuzi kabisa, na kando iwe na mshale mdogo wa kurudi nyuma tukio moja moja.

Babu anarudi wiki hii kurekebisha kata. Fomu ya masahihisho nimeshaiangalia. Inaanza kwa kumtambua mwombaji, na inamtambua kwa tarehe ya kuzaliwa, na tarehe huchaguliwa kwenye kalenda, na kalenda hufunguka penye leo. Amesema atakuja na shemeji yake aliyekuwepo Dakawa, kwa hiyo nimemwagiza fundi seremala benchi la pili.